Windows 10 Imefika Mwisho: Ni Haki Mwenye Saiba Matinyani Kulipishwa Mara ya Pili?

Wasee, hebu tuanze na picha moja. Uko Matinyani, Kitui West. Jua linawaka venye unalijua. Uko na kiduka chako cha saiba sokoni: kompyuta tatu, printa moja, mashine ya fotokopi na kiti cha plastiki ambacho mwaitu fulani amekalia akingoja umtafutie cheti cha kuzaliwa cha mjukuu kwa eCitizen. Kompyuta zako ni ex-UK, zile Dell na HP ulizotoa Nairobi kwa bei ya kuelewana, zikapanda matatu hadi Kitui mjini, halafu nduthi ikamalizia safari.

Hazijawahi kukusumbua. Zinawaka, zinaprinti, zinafungua iTax, HELB na KUCCPS. Zimelipa kodi ya duka na karo ya shule. Halafu siku moja ujumbe unatokea kwa skrini: Windows 10 imefika mwisho wa safari. Kompyuta itaendelea kuwaka, lakini yale marekebisho ya usalama uliyokuwa ukipata kila mwezi yameisha. Ukiyataka tena, lipa. Au nunua kompyuta mpya.

Hiyo siku ilikuwa 14 Oktoba 2025, na swali iliyoacha bado halijaisha mtaani: kama nilishanunua kitu na bado kinafanya kazi, kwa nini nilipe tena ndio kiwe salama?

Kabla uanze kutusi Microsoft, na kabla fundi wako akuambie "hiyo si kitu, boss, ntakukrakia", tulia kidogo. Hii story iko na pande mbili, na zote ziko na maana.

Kilichotokea haswa

Windows 10 ilitoka 29 Julai 2015. Wakati huo Microsoft iliitoa bure kwa watu waliokuwa na Windows 7 na 8.1, na mmoja wa wafanyakazi wake akasema hadharani kwamba hiyo ndiyo ingekuwa Windows ya mwisho. Watu wakaelewa hivi: nunua kompyuta, Windows itakuwa ikijiboresha pole pole, story imeisha.

Story haikuisha. Oktoba 2021 Windows 11 ikatoka. Ilikuwa bure pia, lakini ikaja na masharti kama ya visa. Kompyuta lazima iwe na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, na kama prosesa yako ni ya Intel, iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu. Hizo zilianza kuonekana madukani mwisho wa 2017. Maanake ni kwamba kompyuta iliyouzwa mpya kabisa mapema 2017, ikiwa na miaka minne tu, ilifungiwa nje ya mlango.

Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria Desemba 2023 kwamba kompyuta kama milioni 240 duniani zinaweza kuwa taka kwa sababu ya hii mambo. Na wewe unajua kompyuta zilizochoka Ulaya huwa zinaenda wapi. Zinapakiwa kwa kontena, zinashuka Mombasa, zinapanguswa vumbi Nairobi, na hatimaye moja inakaa kwa meza yako pale Matinyani na stika ya "A grade".

Kwa wale walioachwa nyuma, Microsoft ilileta mpango wa kulipia marekebisho ya usalama. Mtu binafsi analipa dola 30 na anapata ulinzi hadi 13 Oktoba 2026. Kama hutaki kutoa pesa, unaweza kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au ukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwa akaunti yako ya Microsoft. Kwa biashara, bei ni nyingine: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, halafu inazidishwa mara mbili kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu.

Hesabu ya Matinyani

Sasa tupige hesabu kama watu wa ground. Tuseme dola ni shilingi 129, venye imekuwa ikicheza kwa muda.

Dola 61 ni kama shilingi 7,870. Hiyo ni kompyuta moja, mwaka mmoja. Uko na tatu, kwa hivyo andaa kama 23,600. Mwaka wa pili kila kompyuta inakula dola 122, mwaka wa tatu dola 244. Ukijumlisha miaka yote mitatu, kila kompyuta imekula dola 427, ambayo ni zaidi ya shilingi 55,000.

Elfu hamsini na tano! Kulinda mashine ambayo pengine ulinunua kwa ngiri kumi na tano au ishirini. Hiyo ni kama kununua mbuzi sokoni, halafu uambiwe kamba ya kumfungia ni bei ya ng'ombe.

Na pesa za saiba zinatoka wapi? Ukiprinti ukurasa kwa ashu, hiyo 7,870 ni kurasa 787. Hapo hujanunua karatasi, hujajaza wino, hujalipa stima wala bando. Kwa kompyuta zote tatu ni kurasa zaidi ya 2,300 za kulipia kitu ambacho mteja wako hatawahi kukiona wala kukuambia asante.

Unaweza sema: basi nisilipe, niendelee hivyo tu. Sawa, unaweza. Lakini kumbuka ni nini kinapita kwa hizo mashine. Nambari za kitambulisho. Paswadi za iTax. Payslip za walimu. Vyeti vya shule. Watu wa Matinyani hawaleti tu karatasi kwa duka lako, wanaleta maisha yao. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina kipengele kinachosema "kama Windows yake ilikuwa imezeeka, msameheni". Data ya mteja ikivuja kwa duka lako, swali la kwanza litakuja kwako.

Kwa hivyo gharama haijaepukika. Imehama tu kutoka kwa kampuni tajiri ya Marekani hadi kwa kiduka cha mabati.

Upande wa kampuni pia uko na point

Tuwe wakweli. Programu si jiwe. Watu wanakaa chini, wanaandika, wanarekebisha, wanalipwa mshahara kila mwezi. Wewe ulilipa mara moja, na kwa miaka kumi ukawa unapata marekebisho bure. Ni bidhaa gani nyingine Kenya hii inakupa huduma ya bure miaka kumi? Hata shemeji yako hawezi.

Pia fikiria vijana wetu wanaotengeneza programu hapa hapa nchini: za kusimamia ada za shule, za sacco, za agrovet. Unanunua programu kwake mara moja, halafu kila KRA ikibadilisha sheria unampigia simu usiku: "Kijana wangu, hii kitu haifanyi kazi." Akikuambia toleo jipya lina bei, unaona ni mwizi. Lakini kama hakulipwi, mwaka ujao atakuwa ameacha hiyo kazi, na wewe utabaki na programu yatima. Programu yatima ni hasara kuliko programu ya kulipia.

Kwa hivyo kulipia apgredi si dhambi. Mtu akiongeza kazi, aongezewe doh. Hiyo ni haki ya kawaida, hata mjengo unaenda hivyo.

Noma ni kwamba neno "apgredi" linabeba mizigo tofauti kwa gunia moja. Tufungue gunia.

Mizigo mitatu kwa gunia moja

Mzigo wa kwanza ni kitu kipya. Programu yako ya picha ilikuwa inakata na kupaka rangi, sasa toleo jipya linaweza kuondoa mtu aliyepita nyuma kwa picha ya ruracio. Hukukiahidiwa ulipolipa mara ya kwanza. Ukikitaka, lipa. Usipokitaka, ile ya zamani inaendelea. Hapa hakuna dhuluma.

Mzigo wa pili ni kosa la zamani. Shimo ambalo mwizi anaweza kupitia halikuletwa na mteja. Halikuchimbwa na jua la Kitui wala vumbi la barabara. Lilikuwa ndani ya programu siku ile iliuzwa, ni vile tu hakuna aliyekuwa ameliona. Kumwambia mteja alipie kuziba shimo ambalo mwenye kuuza aliliacha ni kama fundi wa nyumba akuachie ukuta na ufa, halafu miaka ikipita arudi na risiti ya simiti.

Mzigo wa tatu ni kuzima. Hapa kitu kilichokuwa kinafanya kazi kinaacha kufanya kazi kwa sababu mwenye kukitengeneza ameamua. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwa simu za Android 4.4 mwanzoni mwa 2025. Simu yenyewe haikuwa imeharibika.

Ukiona neno "apgredi", uliza ni mzigo gani. Ya Windows 10 iko kwa mzigo wa pili. Hakuna kitu kipya unaongezewa kwa hizo dola 61. Unalipia mashimo yazibwe, basi.

Na hapa ndio kuna ushahidi wa kushtua kidogo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipiga kompyuta zaidi ya 200,000 kwa nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili na kudai fidia. Windows XP ilikuwa imeachwa tangu Aprili 2014. Lakini moto ulipowaka, Microsoft ilitoa dawa ya XP kwa kila mtu, bure, hata kama miaka mitatu ilikuwa imepita. Kwa hivyo inawezekana. Shimo likiwa kubwa vya kutosha kuwatisha wakubwa, dawa inapatikana na haina bei. Na kwa Windows 10, hayo marekebisho yanaendelea kutengenezwa kwa ajili ya wanaolipa. Dawa iko tayari kwa kabati. Unacholipia ni ufunguo wa kabati.

"Lakini si ulinunua mitumba?"

Hii ndiyo hoja ngumu zaidi, na hatutaihepa. Mtu atakuambia: wewe wa Matinyani hukulipa Microsoft hata senti. Aliyelipa ni ofisi fulani ya Uingereza iliyonunua kompyuta mpya. Wewe ulinunua kwa muuzaji wa Nairobi. Uko na haki gani ya kulalamika?

Jibu liko kwa barabara ya Kitui kuenda Kabati. Angalia hizo Probox. Nyingi zilikuja zikiwa zimetumika Japani. Sasa kumbuka ile kashfa ya mifuko ya hewa ya Takata, ambayo ililazimisha Toyota, Honda na kampuni zingine kurudisha mamilioni ya magari kubadilishwa mifuko bila malipo. Hakuna mtu aliuliza kama wewe ni mwenye gari wa kwanza au wa nne. Kasoro ilikuwa ya gari, na kampuni ikaishughulikia mahali gari lilipo.

Leseni ya Windows kwa kompyuta nyingi za ofisi inakaa ndani ya mashine yenyewe. Mashine ikiuzwa, leseni inasafiri nayo, na ikiwaka Matinyani inajitambua kuwa halali. Kampuni ilishalipwa kwa hiyo mashine. Kama leseni imevuka bahari, jukumu la kuziba mashimo pia livuke.

Sasa, kama Windows yako ni ile ya kukraki iliyotoka kwa flashi ya msee wa mtaa, hapo tunyamaze wote. Hukuwa mteja. Huwezi kudai haki ya mteja kwa duka ulilopitia dirishani.

Ulaya bure, sisi tulipe?

Kuna jambo moja linafaa kumuuma hata mtu asiyejali kompyuta. Septemba 2025, baada ya mashirika ya kutetea wateja Ulaya kupiga kelele, Microsoft ililegeza kamba kwa watu wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Watu binafsi huko wanapata ule mwaka wa marekebisho bila kulipa dola 30 na bila kulazimishwa kuhifadhi mipangilio. Wanaingia tu na akaunti ya Microsoft.

Soma hiyo tena pole pole. Mtu wa Brussels, ambaye mshahara wake unaweza kununua kompyuta mpya na chenji ibaki, anapewa bure. Mtu wa Kitui, anayeuza ndengu gunia kwa gunia ndio mtoto apate laptopu ya chuo, anaambiwa dola 30 ama atoe data yake.

Tofauti si programu. Marekebisho ni yale yale. Tofauti ni kwamba kule kuna sheria zenye meno na mashirika yanayojua kuuma. Hiyo inatuonyesha kitu kimoja muhimu: bei ya apgredi haipangwi na gharama peke yake. Inapangwa pia na ni nani anaogopwa.

Wakubwa wetu pia wamecheza hii game

Usifikirie ni Wazungu tu. Hapa nyumbani tushaonja.

Kumbuka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analogi. Ile Great Wall ya guka iliyokuwa inawashwa na betri ya gari, ambayo ilimwonyesha mechi na habari miaka yote bila shida, ikageuka kuwa meza ya kuwekea vikombe hadi anunue king'amuzi. Teknolojia mpya ilikuwa na faida, hakuna anayekataa. Lakini aliyelipa bei ya mabadiliko alikuwa mwenye TV ya zamani, sio aliyeamua mabadiliko.

Halafu ikaja ya wafanyabiashara. Wengi walikuwa na mashine za risiti za ETR zikifanya kazi. KRA ikaleta mfumo wa TIMS kuanzia Agosti 2021, na wenye VAT wakapewa mwaka mmoja kupata mashine mpya zinazotuma ankara moja kwa moja kwa KRA. Mashine hizo zilikuwa makumi ya maelfu ya shilingi. Muda ukasongezwa, watu wakakimbizana madukani, wakanunua. Kisha 2023 KRA hiyo hiyo ikaleta eTIMS, ambayo unaweza kuitumia kwa programu ya bure kwa simu au kompyuta.

Fikiria wewe ndio ulinunua mashine mpya mwezi mmoja kabla. Ulitii sheria mapema, ukaishia kulipa kuliko yule aliyechelewa. Hapo ndio mteja wa zamani anajifunza somo baya: ukiwa mwaminifu na wa kwanza, unakamuliwa zaidi. Na nchi ikishafundisha watu hilo somo, usishangae kila mtu akingoja dakika ya mwisho.

Kulipa kila mwezi: dawa au mtego?

Kuna watakaosema dawa ni kuacha kuuza programu moja kwa moja. Lipa kidogo kidogo kila mwezi, upate kila kitu kipya, kelele ya apgredi iishe.

Adobe ilifanya hivyo. Mei 2013 ilitangaza kwamba baada ya CS6 hakuna tena Photoshop mpya ya kununua ikawa yako. Ni kukodisha. Kwa studio kubwa Nairobi inaweza kuwa sawa, juu pesa inaingia kila wiki. Lakini chukua mpiga picha wa Kitui ambaye kazi yake ni ya msimu: Agosti na Desemba harusi na ruracio zimejaa, Februari ni yeye na simu yake. Akikosa kulipa mwezi mmoja, programu inajifunga na kazi za wateja ziko ndani. Kwa apgredi ya kulipia, ukikosa doh unabaki na toleo la zamani. Kwa kukodisha, ukikosa doh unabaki bila kitu.

Kwa hivyo apgredi ya kulipia, na ubaya wake wote, ilikuwa na heshima moja: ilikuachia uamuzi. Toleo ulilonunua lilikuwa jembe lako. Butu kidogo, lakini lako.

Sheria yetu inasemaje

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ndio afaidi bidhaa kikamilifu, na haki ya kulindwa kiafya, kiusalama na kiuchumi. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012.

Angalia hapo kwa habari. Umewahi kununua kompyuta ama simu Kenya ukaambiwa, kabla ya kutoa pesa, "hii itapata marekebisho ya usalama hadi mwezi fulani, mwaka fulani"? Maziwa ya pakiti yameandikwa tarehe ya kuharibika. Mkate wa shilingi 65 uko na tarehe. Laptopu ya elfu ishirini haina.

Uingereza imeanza. Tangu Aprili 2024, anayeuza vitu kama simu na TV za intaneti kule lazima atangaze atazipa marekebisho ya usalama kwa muda gani. Sheria hiyo haijagusa kompyuta nyingi za kawaida, lakini wazo ni safi: mteja ajue tarehe kabla ya kulipa, si baada.

Hii haitamaliza kila ugomvi, lakini itaumaliza ule mkubwa. Ukijua kompyuta imebakisha miezi minane ya usalama na bado unainunua kwa bei ya chini, huo ni mkataba wa watu wazima. Ukifichwa, hapo umechezwa.

Sasa wewe ufanye nini?

Theory tumemaliza, tuje ground. Kama uko na kompyuta ya Windows 10, au unapanga kwenda Nairobi kubeba moja, shika haya.

Kabla ununue ex-UK, soma jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, hiyo 6 baada ya kistari ni kizazi cha 6. i5-7300U ni cha 7. Zote mbili Windows 11 haizitambui rasmi. i5-8250U ni cha 8, hiyo inaingia. Muuzaji akikuambia "iko na Windows 11 tayari" na prosesa ni kizazi cha 6, jua imepitishwa mlango wa nyuma, na Microsoft haijaahidi kuipa marekebisho. Hiyo tofauti ya tarakimu moja inafaa ikushushie bei. Piga bei bila haya.

Kama ni kompyuta ya nyumbani, usikimbilie kulipa dola 30. Angalia kwanza ile njia ya pointi au ya kuhifadhi mipangilio. Haina pesa, ingawa inataka akaunti, na hiyo ni bei ya aina yake.

Kama wewe ni mwalimu ama uko kwa bodi ya shule yenye maabara ya kompyuta, sikiza hapa: taasisi zenye leseni za elimu zilipangiwa dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili na 4 mwaka wa tatu. Dola 7 kwa miaka mitatu, kama shilingi 900. Usikubali mtu auzie shule kompyuta mpya kabla hamjauliza kuhusu hiyo bei.

Kama ni saiba, jaribu Linux Mint kwa mashine moja kwanza. Ni bure, na unaweza kuiwasha kutoka kwa flashi bila kufuta kitu. eCitizen, iTax na HELB zinafunguka kwa Firefox au Chrome, hazijali Windows. LibreOffice inafungua barua na CV nyingi za Word, ingawa zingine zinajipanga vibaya kidogo. Kitu cha kujaribu kabla ya yote ni printa yako, juu hapo ndio watu hukwama. Ikiprinti, umeomoka.

Na hata ukibaki na Windows 10, weka kivinjari chako kipya kila wakati. Microsoft imesema Edge itaendelea kupata marekebisho kwa Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028. Usihifadhi paswadi ya mteja kwa mashine. Akimaliza, mtoe kwa akaunti mbele ya macho yake. Hiyo haigharimu hata shilingi.

Neno la mwisho

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Watu wa software wanajua hiyo methali kuliko sisi, ndio maana kila toleo jipya linakuja na picha nzuri na maneno matamu.

Msimamo wetu ni huu. Kitu kipya, kilipiwe. Waliokitengeneza lazima wale. Kampuni pia haiwezi kubeba toleo la zamani milele, na miaka kumi si kidogo. Lakini kuziba shimo lililokuwepo tangu siku ya kuuza si kitu kipya, na bei ya huo ufunguo haifai kuwa sifuri kwa Brussels na dola 30 kwa Kitui. Kama kuna mwisho, mteja auone mwisho kabla ya kutoa pesa, umeandikwa kwa boksi kama ule wa maziwa.

Sai pale sokoni, mwaitu bado amekaa kwa kiti cha plastiki. Hajui Windows 10 ni nini, na hafai kujua. Anajua tu amekupatia nambari ya kitambulisho chake na akakuamini. Kama mashine iliyo mbele yake si salama, hakuna mtu kwa hiyo ofisi kubwa ya Marekani atakayemwangalia machoni kumweleza. Ni wewe.